KABURI LA VOI NA WALE WASIO NA KABURI

Mwezi wa Novemba, Kanisa, Mama yetu, hutualika kuwakumbuka marehemu. Siku ya kwanza twawashangilia Watakatifu wote walio mbinguni. Siku ya pili twawaombea wote waliolala katika Kristo, ambao bado wanatakaswa toharani. Wakristo wengi huenda makaburini siku hizo, wakafyeka majani, wakawasha mishumaa na kusali. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini desturi njema ikifanywa bila kufikiri hugeuka kuwa mazoea tu. Kwa hiyo leo twapenda kuwaalika wasomaji wetu wapenzi wasimame pamoja nasi, kwa fikira, mbele ya kaburi moja lililo hapa nchini Kenya, tupate kujifunza linalofundishwa nalo.

Kaburi hilo liko Voi, katika makaburi ya askari waliokufa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Aliyelala humo ni Luteni Wilbur Taylor Dartnell. Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1885 huko Collingwood, katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia. Kabla ya vita alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani, tena mume wa mtu na baba wa mtoto. Vita vilipozuka alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya watu wa namna nyingi: wawindaji, wasafiri na watu waliokwisha kuzeeka kidogo kwa kazi ya uaskari. Kikosi hicho kilifika Mombasa mwezi wa Mei 1915.

Yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Waingereza walitawala Kenya, na Wajerumani walitawala Tanganyika. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakauteka mji wa Taveta. Kutoka hapo vikundi vya askari wao vilipenya nyikani mpaka kwenye reli ya Mombasa na Nairobi, wakailipua mara kwa mara. Nao Waingereza walianza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea mpakani, na mwaka 1915 reli hiyo ikafika Maktau. Nchi ile ni nyika ya miiba na vumbi, yenye shida kubwa ya maji. Na kando ya njia hiyo ya Voi na Taveta ndipo ilipo Bura, ambako Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni katika miaka ya 1890. Basi si nchi ya mbali kwetu. Ni mahali ambapo Misa Takatifu ilikuwa imekwisha kutolewa kabla ya bunduki kusikika.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikundi cha askari Waingereza wapanda farasi na nyumbu kilikutana na adui. Mapigano yakawa makali. Adui wakasogea mpaka hatua chache tu. Dartnell alipigwa risasi mguuni, na wenzake wakaanza kumchukua wamwondoe. Lakini aliona kwamba wale waliojeruhiwa vibaya zaidi hawakuweza kuchukuliwa. Akaamuru aachwe. Hakutaka kuokolewa yeye huku wale wakibaki peke yao. Alitumaini kwamba akiwapo pamoja nao, huenda akayaokoa maisha yao. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki, akauawa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Mwezi wa Desemba mwaka uo huo Serikali ya Uingereza ilitangaza kumpa nishani iitwayo Victoria Cross. Nishani hiyo iliwekwa na Malkia Victoria mwaka 1856, nayo ni ya juu kuliko zote wanazopewa askari wa Kiingereza kwa ushujaa mbele ya adui. Si ya dhahabu wala fedha, bali ni msalaba wa shaba tu, kwa kuwa thamani yake haitoki katika madini. Yeye mwenyewe hakuivaa kamwe. Mwili wake ulibaki nchini mwetu, mbali sana na watu wake.

Haya ndiyo mambo yenyewe. Sasa tutazame mafundisho yake, nayo ni matatu.

FUNDISHO LA KWANZA: Ushujaa ni nini?

Watu wengi, hasa vijana, hudhani kwamba shujaa ni yule awezaye kupiga na kuua. Mtu akitajwa kuwa amepata nishani vitani, mara huulizwa: aliua wangapi? Kaburi la Voi lawajibu kwamba swali hilo si lake. Yaliyoandikwa kumsifu Dartnell hayataji idadi ya watu aliowaua. Yataja jambo moja tu: kwamba alikataa kuwaacha majeruhi.

Hivyo ndivyo Kanisa lilivyofundisha tangu zamani. Katika fadhila nne zilizo msingi wa nyingine, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, fadhila ya nguvu ndiyo ituwezeshayo kusimama katika wema hata mbele ya kifo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba tendo kuu la fadhila hiyo si kushambulia, bali ni kustahimili: kukaa imara katika hatari bila kuuacha wema. Nayo sababu ni wazi. Mwenye kushambulia mara nyingi hujiona kuwa ndiye mwenye nguvu zaidi, tena hasira humsaidia. Bali mwenye kustahimili huiona hatari mbele ya macho yake, hujua kwamba yeye ndiye mnyonge, na hata hivyo hakimbii.

Bwana wetu Yesu Kristo, usiku ule kabla ya kuteswa, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hakuna upendo upitao ule wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Kesho yake akalitimiza neno hilo msalabani. Kila mtu atoaye uhai wake ili mwingine aishi, awe askari au mkulima, msomi au asiyejua kusoma, ametembea katika njia hiyo. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua iliyoeleza kwamba Mkristo anayeutoa uhai wake kwa hiari na kwa upendo, huku akikubali kifo kilicho karibu, aweza kufikiriwa kutangazwa Mwenye Heri kwa sababu hiyo, yakiwapo mengine yatakiwayo na Kanisa. Hatusemi kwamba kila askari mwenye nishani ni mtakatifu. Hilo ni la Mungu na la Kanisa lake. Twasema tu kwamba tendo lile la Maktau lina sura tunayoifahamu Wakristo.

Wala tusidhani kwamba ushujaa huo wahitaji bunduki na uwanja wa vita. Mama anayekesha miaka mingi karibu na mtoto mgonjwa ambaye majirani wamekwisha kumkatia tamaa, huyo amebaki na majeruhi wake. Muuguzi asiyekimbia tauni, huyo amebaki. Kijana aachaye safari ya kutafuta mali mjini kwa sababu wazee wake hawana mwingine wa kuwatunza, naye amebaki. Hao hawatapewa msalaba wa shaba. Lakini Mungu aonaye sirini awajua.

FUNDISHO LA PILI: Tumsifu mmoja bila kuwatukana wengine

Twasikitika kusema kwamba maneno rasmi ya kumsifu Dartnell yana doa. Yasema kwamba alibaki kwa sababu alijua ya kuwa askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Tuyapime maneno hayo kwa haki.

Kwanza, vita vile vilikuwa na ukatili mwingi, wala hakuna apasaye kuuficha. Kumwua majeruhi asiyeweza kujitetea ni dhambi kubwa, naye atendaye hivyo, awe wa rangi yo yote, atatoa hesabu mbele ya Mungu. Lakini kusema kwa jumla kwamba askari weusi ndivyo walivyo ni jambo jingine. Askari wale hawakujitawala. Waliamriwa na maofisa wa Kijerumani. Tena Waafrika walikuwako pande zote mbili. Katika jeshi la Kiingereza walikuwako askari wa King's African Rifles, watu wa nchi hizi hizi, waliopigana na kufa chini ya bendera ile ile ya Dartnell. Je, nao hawakuwa weusi? Amri ya nane ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Kanisa hufundisha kwamba hukumu ya pupa juu ya mtu huivunja amri hiyo. Ikiwa ni kosa kumhukumu mtu mmoja kwa pupa, si zaidi kulihukumu taifa zima?

Hata hivyo tusiruke upande wa pili tukasema: kwa kuwa aliyeandika sifa zile aliwatukana watu wetu, basi sisi nasi tusimheshimu marehemu. Hiyo nayo ni pupa. Yeye aliyelala Voi siye aliyeandika maneno yale. Alikuwa amekwisha kufa. Tendo lake labaki jema. Mkristo aweza kushika mambo mawili kwa mikono miwili: kumheshimu aliyetenda mema, na kukataa uongo uliochanganywa na sifa zake. Ndivyo tunavyopaswa kuwafundisha watoto wetu kusoma historia, tusiimeze yote wala kuitema yote.

FUNDISHO LA TATU: Deni letu kwa wasio na kaburi

Kaburi la Voi lina jiwe na jina, nalo latunzwa. Latunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Tume hiyo ilijiwekea sheria nzuri tangu mwanzo: kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina lake, na kwamba pasiwe na tofauti ya cheo, kabila wala dini. Jemadari na askari wa chini wapewe jiwe la namna moja. Sheria hiyo yapatana na imani yetu, maana mbele ya Mungu hakuna cheo kaburini.

Lakini je, sheria hiyo ilifuatwa hapa kwetu? Sote twalijua jibu. Jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki halikuweza kwenda hatua moja bila wapagazi. Malori yalikuwa machache, na wanyama waliuawa na ndorobo. Chakula, risasi, mahema, hata majeruhi, vyote vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu wetu. Mamia ya maelfu waliandikishwa, wengi kwa nguvu. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Hesabu zinazotajwa na wanahistoria zakaribia watu 100,000 waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, likageuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor huku Nairobi. Leo twaenda huko kununua na kuuza, na wachache hukumbuka kwamba twakanyaga jina la marehemu.

Wala hawakuteseka wapagazi tu. Katika wilaya ile ile ya Voi, mwaka ule ule wa 1915, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa mlima Kasigau hadi pande za Malindi, wakiwashuku kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wengi wao walifia huko ugenini.

Miaka iliyofuata vita haikuleta mawe kwa wapagazi hao. Zikajengwa sanamu za shaba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kuwakumbuka wote kwa jumla, na katika sanamu za Nairobi yumo mpagazi. Lakini majina yao hayapo. Mwaka 1923 gavana mmoja wa koloni la Afrika ya Magharibi alisema kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Loo! Angekwenda Taita, si mbali na kaburi lile la Voi, angeonyeshwa mapango ambamo Wataita wa zamani waliyaweka kwa heshima mafuvu ya wazee wao, kila ukoo na mahali pake. Je, watu hao ndio wasioelewa maana ya kuwakumbuka wafu? Sisi Wakristo twakumbuka kwa namna nyingine, kwa sala na Sadaka ya Misa. Lakini moyo ule wa kutowasahau waliotutangulia haukuletwa kwetu na mgeni.

Kweli haifichiki daima. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kosa lake. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba dharau ya rangi ilikuwa miongoni mwa sababu. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza. Mwezi wa Januari 2025 ilifunguliwa Cape Town kumbukumbu ya Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini waliokufa katika kazi za vita vile bila kuwa na kaburi linalojulikana, kila mmoja kwa jina lake. Twashukuru. Lakini kumbukumbu ya wafu wetu si kazi ya serikali na tume peke yake. Kwanza ni kazi yetu.

KUZIKA WAFU NI TENDO LA HURUMA

Katekisimu yatufundisha matendo saba ya huruma ya kimwili, na la saba ni kuzika wafu. Twamsoma Tobiti katika Maandiko Matakatifu, aliyekuwa mateka Ninawi, jinsi alivyowazika ndugu zake waliouawa, ingawa mfalme alikataza na majirani walimcheka. Twamsoma pia Yuda Makabayo. Baada ya vita alikwenda na watu wake kuzichukua maiti za askari wake, akakuta chini ya nguo zao hirizi za miungu, kitu kilichokatazwa. Walikuwa wamekosa. Je, aliwaacha? La. Alikusanya drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa kuwa aliutumaini ufufuko. Basi twaweza kuwaombea askari wote wa vita vile, wa Waingereza na wa Wajerumani, weupe na weusi, waliotenda mema na waliokosa. Sala haimwulizi marehemu alibeba bendera ya nani.

Nao ambao babu zao hawana kaburi wasife moyo. Mtakatifu Monika, mama Mwafrika, alikufa mwaka 387 huko Ostia, ng'ambo ya bahari, mbali na nchi yake. Watu wake walisikitika kwamba hatazikwa kwao. Yeye akawaambia wanawe wasijisumbue kwa habari ya mahali pa mwili wake. Aliomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Na Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, padre aliyejitoa kufa badala ya baba mmoja wa watoto katika kambi ya Auschwitz mwaka 1941, hana kaburi hata leo. Mwili wake ulichomwa moto. Lakini Kanisa lote lalijua jina lake. Jiwe ni jema, lakini si jiwe lifufualo. Mungu aliyetuumba kutoka mavumbini ajua kila mfupa ulipo, hata ule uliobaki kando ya njia kati ya Maktau na Rufiji.

Basi, ninyi akina baba na mama wa nyumba za Kikristo, tufanye nini? Twashauri mambo manne, mepesi kwa kila mtu.

Kwanza, katika siku nane za mwanzo wa Novemba, nendeni makaburini pamoja na watoto wenu mkawaombee marehemu. Kanisa hutoa rehema kamili kwa ajili ya roho za toharani kwa kila anayefanya hivyo siku hizo, akitimiza masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia ya Baba Mtakatifu, na kuiacha kabisa hali ya kupenda dhambi.

Pili, mkiisha kusali penye kaburi la mtu wenu, tazameni kushoto na kulia. Liko kaburi ambalo majani yamelifunika na hakuna ajaye. Lifyekeni, mlisalie. Dartnell hakutaka kuokolewa peke yake. Nasi tusiombee watu wetu peke yao.

Tatu, waulizeni wazee, wangali hai, majina ya mababu waliochukuliwa wakati wa vita wasirudi. Katika nyumba nyingi jina moja kama hilo lingali latajwa: fulani alikwenda Kariakoo, hatukumwona tena. Liandikeni katika kitabu cha nyumbani. Jina lililoandikwa halifi pamoja na mzee.

Nne, pelekeni majina hayo kwa padre wenu, yatajwe katika nia za Misa ya marehemu. Na ambao majina yao yamepotea kabisa, itolewe Misa moja kwa ajili yao wote kwa pamoja.

Mwenye kupita Voi na asimame kidogo penye kaburi lile, amwombee yule aliyetoka mbali na kukataa kuwaacha wanyonge. Kisha aelekeze macho yake kwenye nyika iliyo upande wa magharibi, awaombee na wale waliolala humo bila jiwe. Uwape pumziko la milele, ee Bwana, wote pamoja.